Ibn al-Baytar na Mbegu ya Mbalanga

Dhiauddin Abdallah bin Ahmad, ajulikanaye zaidi kwa jina la Ibn al-Baytar, yaani mwana wa tabibu wa wanyama, alizaliwa Malaga katika nchi ya Andalus mwishoni mwa karne ya 12. Ilimu ya mimea aliisoma kwa Abul-Abbas an-Nabati, naye alitoka na mwalimu wake huyo kwenda kuitafuta mimea yenyewe katika viunga vya Seville, mji ambao Waarabu waliuita Ishbilia.

Yapata mwaka 1220 aliiacha nchi yake, akashika njia ya Maghribi hadi Misri, ambako Sultani al-Kamil alimfanya mkuu wa wajuzi wa mitishamba. Baadaye akazunguka Shamu pamoja na mwanafunzi wake Ibn Abi Usaybia, wakiitazama mimea mahali inapoota.

Kitabu chake kikubwa, al-Jami, kimekusanya dawa na vyakula vipatavyo 1400 kwa mpango wa herufi. Kila neno alilolitoa kwa waliomtangulia alilinasibisha kwa mwenyewe, na palipo na kosa alilisahihisha, hata likiwa la Dioscorides au la Galen. Wangapi katika watungaji wathubutu hayo?

Humo ameitaja atrilali, jina la Kiberberi lenye maana ya mguu wa ndege. Kabila moja la Waberberi katika nchi ya Bijaya lilijua kwamba mbegu zake hutibu mbalanga, yaani mabaka meupe ya ngozi, na watu walikuwa wakiwaendea kutaka dawa. Lakini wao waliifanya siri, baba akimrithisha mwana. Ibn al-Baytar aliiandika wazi: mgonjwa hunywa unga wa mbegu, kisha hukaa juani, mahali penye mabaka pakiwa wazi, mpaka ngozi itoke malengelenge. Ajabu yake ni hilo jua, kwani dawa peke yake haifanyi kitu.

Aliaga dunia Dameski mwaka 1248. Zikapita karne 7, na katika miaka ya 1940 wataalamu wa Misri wakazichukua mbegu za mmea ule ule, wakatoa ndani yake chembechembe safi za methoksaleni, na Daktari El Mofty wa Cairo akazijaribu kwa wagonjwa wa mbalanga. Ikabainika kwamba dawa hiyo huifanya ngozi iwe nyepesi kudhuriwa na mwanga, na mwanga huo ukiwa kwa kipimo huamsha rangi iliyopotea. Mwaka 1974 madaktari wa Marekani na Austria walitangaza kuitumia pamoja na taa maalumu kutibu soriasisi, nao ni ugonjwa mwingine wa ngozi.

Ama msomaji mwenye mgonjwa nyumbani, asitafute mbegu hizo sokoni akamkalisha juani. Kipimo kikizidi kidogo, ngozi huungua vibaya. Na wanaotumia matibabu haya kwa muda mrefu huongezeka hatari ya saratani ya ngozi, ndiyo sababu hutolewa na daktari, kwa vipindi vinavyohesabiwa.