Blaise Pascal na Nguvu Ipitayo Katika Majimaji

Mtu ambaye utasoma habari zake katika somo hili hakuwahi kuona gari hata siku moja. Alikufa zaidi ya miaka 200 kabla ya gari la kwanza la petroli kuundwa. Hata hivyo, gari linaposimama mbele ya watoto wanaovuka barabara mjini Ifakara, kanuni aliyoieleza mtu huyo ndiyo inayofanya kazi.

Blaise Pascal alizaliwa tarehe 19 Juni 1623 katika mji wa Clermont, nchini Ufaransa. Mama yake alifariki Blaise akiwa na umri wa miaka 3. Baba yake, Étienne, aliwafundisha watoto wake mwenyewe nyumbani. Aliamua kwamba hesabu zingoje mpaka mtoto akue, akavificha vitabu vyake vya hesabu. Gilberte, dada yake Blaise, ameeleza kuwa mtoto yule alichukua mkaa akachora duara na pembetatu sakafuni, akizitafuta kanuni zake peke yake. Baba alipomkuta katika hali hiyo, alimpa vitabu.

Baadaye baba alipewa kazi ya kusimamia kodi katika mji wa Rouen. Kazi hiyo ilikuwa na tarakimu nyingi za kujumlisha. Mwaka 1642 Blaise, akiwa bado hajatimiza miaka 20, alianza kuunda mashine ya kuhesabia yenye magurudumu ya meno ili kumsaidia. Unaona, basi, kuwa kijana huyu hakuridhika na kufikiri tu. Alitumia na mikono yake.

Wakati ule wataalamu walibishana kama hewa ina uzito. Torricelli, Mwitalia, alikuwa amekwisha kuonyesha kuwa zebaki husimama ndani ya bomba la kioo kwa kimo cha sentimita 76 hivi. Ni kitu gani kinachoizuia isianguke? Pascal alifikiri kuwa ni hewa ya nje inayoikandamiza. Kama ni hivyo, juu mlimani, ambako hewa ni pungufu, zebaki itashuka. Lakini Pascal alikuwa mgonjwa na alikaa mbali na milima. Alimwomba shemeji yake, Florin Périer, amfanyie jaribio hilo. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer alipanda mlima Puy de Dôme. Huko juu zebaki ilishuka kwa sentimita 8 hivi, na bomba la pili, lililoachwa chini likiwa na mlinzi wake, halikubadilika. Nawe ungelibeba bomba kama hilo kutoka Ifakara hadi Mahenge, ungeona zebaki ikishuka.

Kutoka katika hewa Pascal aliendelea na majimaji. Aligundua kwamba ukikisukuma kimiminika kilichofungiwa ndani ya chombo, kanieneo husambaa sawasawa pande zote. Chukua bomba mbili zilizounganishwa, zimejaa maji, kila moja ina pistoni. Ikiwa pistoni ndogo ina eneo la sentimita za mraba 5 na kubwa sentimita za mraba 20, kani unayoitia kwenye ndogo hutokea kwenye kubwa ikiwa mara 4. Lakini hupati kitu bure: pistoni kubwa husogea robo tu ya mwendo wa ile ndogo.

Pascal aliugua karibu maisha yake yote. Mwaka 1662 alisaidia kuanzisha mjini Paris magari ya farasi ya kubeba abiria kwa nauli ndogo. Tunaweza kuyaita daladala za farasi. Mwaka huohuo, tarehe 19 Agosti, alifariki akiwa na umri wa miaka 39. Kitabu chake juu ya majimaji kilichapishwa mwaka 1663, yeye mwenyewe asikione.

Sasa fikiri juu ya lori kuukuu aina ya Bedford. Fundi ameziondoa breki za dramu za magurudumu ya mbele, akafunga breki za diski zenye nguvu zaidi. Ametia mafuta mapya ya breki, tena ametoa upepo. Lakini dereva akikanyaga pedali, mguu unazama kana kwamba amekanyaga sifongo. Akikanyaga upesi mara tatu au nne, pedali inapanda kidogo, kisha inalegea tena. Je, lori hilo literemke kutoka milima ya Mahenge hadi uwanda wa Kilombero, likiwa na magunia na watu?

Jaribu kwanza jambo hili. Tafuta bomba jipya la sindano, lisilo na sindano yenyewe. Lijaze maji, ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma. Halisogei. Sasa litie hewa, uzibe, usukume. Linabonyea! Hewa hubanwa ikawa ndogo, lakini maji hukataa. Hewa kidogo iliyobaki katika mabomba ya breki huila nguvu ya mguu kabla haijafika kwenye magurudumu.

Lakini fundi ametoa upepo, umebakije? Itazame kalipa, yaani kile chuma kinachoikumbatia diski. Ina skrubu ndogo ya kutolea upepo. Hewa hupanda juu daima, kama mapovu ya kiboko aliyezama katika Mto Kilombero. Kwa hiyo skrubu hiyo lazima iwe upande wa juu. Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto, na ya kushoto kulia, skrubu huelekea chini. Fundi ataifungua hata mara kumi: mafuta yatatoka, hewa itabaki juu.

Ziko sababu nyingine. Mipira ya zamani ya breki huweza kuvimba inaposukumwa. Tena masta ya zamani huenda ikawa ndogo mno kwa pistoni kubwa za kalipa. Hapo pedali hushuka mbali sana. (Mafuta ya breki ni sumu, usiyachezee.)

Fundi huyu anazibadilisha kalipa, anatoa upepo tena, akianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Mapovu yanatoka, kisha mafuta matupu. Dereva anakanyaga. Pedali inashuka kidogo, inasimama, haiendelei tena. Lori linajaribiwa kwanza polepole mahali tambarare, likiwa tupu.