Maisha ya John Woolman, Fundi wa Kushona

Ndugu wasomaji, mwezi huu twapenda kuwasimulia habari za Mkristo mmoja ambaye hakuwa mchungaji wala mwalimu wa chuo, wala hakuwa wa kanisa letu. Jina lake ni John Woolman, naye alikuwa fundi wa kushona nguo katika nchi ya Marekani, zamani nchi ile ilipokuwa ingali chini ya mfalme wa Uingereza. Alikuwa mmoja wa wale Wakristo wajiitao Marafiki, ambao wengine huwaita Wakweka. Kundi lao lilianza Uingereza katika karne ya 17 kwa mahubiri ya George Fox. Wao hawabatizi kwa maji, wala hawana Meza ya Bwana kama tulivyo nayo sisi, nasi katika mambo hayo hatufuatani nao. Lakini yako mengine ambayo twaweza kujifunza kwao bila haya, na zaidi ni jinsi walivyozoea kutunzana na kuonyana. Hayo ndiyo tutakayoyaona katika maisha ya mtu huyu.

Alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1720 katika jimbo la New Jersey, karibu na mto uitwao Rancocas. Baba yake, Samuel Woolman, alikuwa mkulima, na nyumba yao ilikuwa na watoto 13. Siku ya ibada, wakiisha kurudi nyumbani, wazazi waliwaketisha watoto wasome Biblia na vitabu vyema kwa zamu. Hata siku moja, John alipokuwa mtoto, alikuwa akienda kwa jirani, akamwona ndege akilinda makinda yake kiotani. Akamtupia mawe, na jiwe moja likampata, ndege akafa. Mwanzo alifurahi kwa shabaha yake, lakini mara akashikwa na hofu, kwa kuwa aliyafikiri makinda, ya kwamba yatakufa kwa njaa bila mama. Akapanda mti, akayaua yote, maana aliona heri yafe upesi kuliko kuteseka. Jambo lile halikumtoka moyoni. Tangu siku ile alifahamu kwamba Mungu ameweka ndani ya mtu kitu kinachomwelekeza kuwa mpole kwa kila kiumbe chenye uhai, na ya kuwa mtu akikidharau mara kwa mara, mwisho hakisikii tena.

Alipopata miaka 21 alikwenda mji wa Mount Holly kumtumikia mtu mmoja mwenye duka na tanuri ya mikate. Bwana huyo alikuwa na mwanamke mweusi, mtumwa wake. Siku moja akamwuza, akamwagiza John aandike hati ya kumwuza, na mnunuzi alikuwa anangoja papo hapo. Kijana akafadhaika. Yeye alikuwa mtu wa kuajiriwa kwa mwaka, na aliyemwagiza ni bwana wake. Tena mnunuzi alikuwa mzee wa Marafiki, mtu wa kanisa lake mwenyewe. Basi akaandika. Lakini alipoiandika roho yake ilimwuma sana, hata akawaambia wote wawili, bwana wake na yule mzee, ya kuwa yeye aona kuweka watumwa ni jambo lisilopatana na dini ya Kikristo. Kusema hivyo kulimpunguzia uchungu kidogo, walakini baadaye alijuta, akaona kwamba ingalimpasa kukataa kabisa. Muda si mwingi kijana mwingine wa Marafiki akamwendea na ombi kama lile. Safari hii John alikataa kwa upole, akamweleza sababu.

Wasomaji wasidhani kwamba Marafiki wa siku zile walikuwa wema kuliko Wakristo wengine katika neno hili. Wengi wao walikuwa na watumwa mashambani na nyumbani, nao walikaa katika ibada yao ya kimya, wakimngoja Roho wa Mungu, na hali watumwa wao walikuwa wakiwapikia chakula. Woolman aliliona jambo hili kuwa ugonjwa wa kanisa lake, wala hakuwaona wale wenye watumwa kuwa adui, bali kuwa ndugu walio wagonjwa.

Yeye mwenyewe alijifunza kazi ya kushona, akafungua duka lake. Mwaka 1749 alimwoa Sarah Ellis, wakapata binti, jina lake Mary. Biashara ikaongezeka mno. Lakini mwaka 1756 aliamua kuipunguza, kwa kuwa aliona mali nyingi humfunga mtu, na tamaa ya mali ndiyo shina la utumwa. Akawashauri wanunuzi wake waende kwa wengine, yeye akabaki na sindano yake na bustani ya matunda. Ndipo alipopata nafasi ya kusafiri, maana desturi ya Marafiki ni kwamba mtu akisikia mzigo moyoni wa kwenda kuwatembelea ndugu, huwaarifu wenzake nyumbani, nao wakikubali humpa barua.

Mwaka 1746 alikuwa amekwisha kwenda Maryland, Virginia na North Carolina, safari ya maili 1,500 hivi, akaona kwa macho yake taabu ya watumwa. Mwaka 1757 alirudi huko. Sasa akaona shida nyingine. Akilala katika nyumba ya mwenye watumwa na kula chakula chake bure, je, si yeye naye anakula jasho la watu wasiolipwa? Kwa hiyo alipoondoka katika nyumba kama hizo alitoa fedha, akawapa watumwa wenyewe, au akamwomba mwenye nyumba awagawie. Jambo hilo lilikuwa gumu kwake, maana kumlipa mwenyeji ni kama kumdharau. Lakini alilifanya kwa unyenyekevu, na mara nyingi likawa mwanzo wa mazungumzo. Baadaye aliacha pia sukari, kwa kuwa ilitoka katika mashamba ya watumwa, akaacha na nguo zilizotiwa rangi. Watu walimcheka kwa kofia yake nyeupe, naye akavumilia.

Huko nyumbani aliendelea vivyo hivyo. Jirani mmoja aliumia vibaya, akamwita aandike wasia wake. Katika wasia ule alitaka kijakazi wake apewe mmoja wa watoto wake. Woolman aliandika yote isipokuwa neno hilo, kisha akamweleza kwa upole kwamba hawezi kuliandika, wala hatataka malipo kwa yale aliyoyaandika. Wakazungumza sana, na mwisho yule jirani akakubali kijakazi awe huru.

Mwaka 1758 Marafiki walikusanyika Philadelphia katika Mkutano wao wa Mwaka. Wengi walitaka neno la watumwa liahirishwe, wakisema Mungu atafungua njia kwa wakati wake. Woolman aliinuka akawakumbusha kwamba kilio cha walioonewa kimekwisha kufika kwa Mungu, na ya kuwa kungoja kwa sababu ya faida zetu si kumngoja Mungu. Mkutano ukageuka. Waliazimu kwamba atakayenunua au kuuza mtumwa asishiriki tena katika mashauri ya kanisa, kisha wakachagua watu wa kwenda nyumba kwa nyumba kuwasihi wenye watumwa. Woolman alikuwa mmoja wao. Miaka mingi aliifanya kazi hiyo, naye mwenyewe alikiri kwamba mara nyingi alikwenda akitetemeka, kwa maana wengine walikuwa wazee wake na wafadhili wake.

Sasa twafika neno ambalo latugusa zaidi ya yote. Mtu huyu aliyewaonya wengine alikuwa na deni lake mwenyewe. Miaka ya nyuma alikuwa msimamizi wa mali ya marehemu mmoja pamoja na mwenzake, na katika mali ile alikuwamo kijana mtumwa. Wakamwuza atumike mpaka atimize miaka 30, ndipo awe huru. Kwa watu wa siku zile jambo hilo lilionekana jema. Lakini kijana mweupe aliyefungwa kwa kazi aliachiliwa akiwa na miaka 21. Basi miaka ile tisa ilikuwa imeibwa. Mwaka 1769 neno hili lilimrudia kwa nguvu hata akakosa raha. Akahesabu, akaona kwamba nusu ya miaka tisa ni fungu lake, yaani miaka minne na nusu. Akaandika hati ya kujifunga, yeye au wasimamizi wa mali yake, kumlipa yule aliyemnunua kijana thamani ya miaka hiyo minne na nusu, ili kijana asiitumike. Mkono ulioandika zamani hati ya kuuza ukaandika sasa hati ya kufungua.

Mwezi wa Mei 1772 alisafiri kwenda Uingereza. Hakutaka chumba kizuri cha merikebu, kwa ajili ya mapambo yake yasiyo na faida, akalala chini pamoja na mabaharia, akazijua taabu zao. Alipofika London alikwenda moja kwa moja kwenye mkutano wa Marafiki. Imesimuliwa kwamba walipoziona nguo zake za ajabu wengine walimtilia shaka, hata mmoja akamshauri arudi kwao. Akanyamaza kwa machozi, kisha akasema kwamba hatakuwa mzigo kwa mtu, naye yuko tayari kushona nguo apate riziki yake. Baadaye alipohubiri, mashaka yakaisha. Akaelekea kaskazini kwa miguu, maana magari ya farasi ya nchi ile yalikwenda mbio hata farasi wakafa, na watoto walioyaendesha wakaumia kwa baridi. Alipofika York alishikwa na ndui. Ndugu wa nyumba ya Thomas Priestman walimwuguza kama mtoto wao. Akaagiza jeneza lake liwe la mti wa kawaida bila pambo lolote, na nguo zake zitolewe kulipia gharama. Akafa tarehe 7 Oktoba 1772, akazikwa kule.

Mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa. Mwaka 1776 Mkutano wa Philadelphia uliamua kwamba asiyetaka kumwachilia mtumwa wake hatahesabiwa tena kuwa mmoja wao. Mwaka 1787 chama kilianzishwa London kupigana na biashara ya watumwa, na katika watu 12 wa kwanza, tisa walikuwa Marafiki. Mwaka 1807 biashara ile ilikatazwa kwa sheria ya Uingereza. Hata pwani yetu iliguswa, maana mwaka 1897, sheria ilipowapa watumwa wa Unguja na Pemba haki ya kudai uhuru, Marafiki wa Uingereza walifungua kazi kisiwani Pemba kuwasaidia waliowekwa huru. Na mwaka 1902 Marafiki wa Marekani walifika Kaimosi, katika nchi ya Kenya.

Ndugu zetu, na hasa ninyi wainjilisti mnaotumwa kuwaonya Wakristo waliokosa, fikirini habari hizi. Woolman alikwenda kwa mkosaji nyumbani kwake, hakumtangaza barazani. Alikwenda akiwa mpole, wala hakuficha ukweli. Tena kabla ya kudai deni la mwingine alitafuta kwanza la kwake, akalihesabu mpaka nusu ya mwaka. Paulo naye alipomwombea Onesimo kwa Filemoni alijitolea kulipa mwenyewe. Katika sharika zetu wako watumishi wa nyumbani ambao ujira wao umecheleweshwa, na yatima ambao shamba lao limo mikononi mwa mjomba. Kila mmoja wetu na aketi kimya mbele za Mungu kabla ya kwenda kwa ndugu yake, apige hesabu ya miaka minne na nusu iliyo juu yake.