Siti binti Saad, Msanii Asiye na Cheti

Kijana wa Majengo, iwe ya Meru au ya Embu, anayejipima kwa alama ya D ya kidato cha nne, yafaa amjue Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika jamaa ya watumwa. Hakusoma shule. Alifinyanga vyungu, akavitembeza akivinadi kwa sauti iliyofika mbali. Mjini, alikohamia mwaka 1911, alikejeliwa kwa ufinyanzi na hata kwa sura yake (kejeli dhaifu kuliko zote). Taarabu iliyozoeleka kwa Kiarabu akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akarekodi santuri Bombay. Alifariki mwaka 1950. Wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert, nasi wenye shahada tunauchambua darasani.