Ellery Chun: Mfanyabiashara aliyebatiza shati la maua likavaliwa kote duniani

SHATI la mikono mifupi lenye picha za minazi, maua makubwa na mawimbi ya bahari si kitu kigeni katika masoko ya mitumba nchini Kenya. Kuanzia Gikomba jijini Nairobi hadi vituo vya biashara vya mashambani kama Mautuma, kaunti ya Kakamega, halikosi kuchomoza kutoka kwenye robota, rangi zake zikiita macho ya wapita njia.

Mnunuzi hukagua mshono, akahesabu vifungo, akapatana bei na kwenda zake. Ni nadra sana kwake kujiuliza vazi hilo lilianzia wapi, na ni nani aliyelipatia jina linalojulikana nalo duniani.

Jawabu la swali hilo liko katika visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki, na linamhusu mwana wa muuza nguo mwenye asili ya Kichina, Ellery Chun. Alizaliwa Honolulu mwaka wa 1909 na kuaga dunia mwezi Mei mwaka wa 2000 akiwa na umri wa miaka 91.

Chun hakuwa fundi cherehani wala mchoraji. Alikuwa msomi wa uchumi aliyelazimika kusimama nyuma ya kaunta ya duka la babake wakati biashara ilikuwa imedorora. Hata hivyo, ni katika duka hilo ambapo vazi la vijana wa mitaani liligeuzwa kuwa bidhaa yenye jina.

Ili kuelewa alichokifanya, ni vyema kutazama hali ya mavazi katika visiwa alikozaliwa. Wenyeji wa Hawaii hapo kale walivaa kapa, kitambaa kilichotengenezwa kwa kupondaponda maganda ya miti na kisha kutiwa nakshi.

Mwaka wa 1820, wamishonari kutoka eneo la New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, walitia nanga visiwani humo wakiwa na injili na mitindo yao ya mavazi. Magauni mapana ya kuufunika mwili, ambayo baadaye yalijulikana kama holoku na muumuu, yalishika mizizi miongoni mwa wanawake.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatakosa kuona mfanano. Ni kutoka eneo hilohilo la New England ambako wafanyabiashara wa bandari ya Salem walileta pwani yetu kitambaa cha pamba ambacho babu zetu walikiita merikani. Kitambaa hicho kilivaliwa, kikatiwa rangi, na hata kutumiwa kama fedha katika misafara ya kuelekea bara.

Katika karne ya 19, mashamba ya miwa ya Hawaii yaliwavuta vibarua kutoka China, Japani na Ureno, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakafuata Wafilipino. Kila kundi lilifika na nguo zake. Mwaka wa 1893 Malkia Liliuokalani aling'olewa mamlakani, na kufikia mwaka wa 1898 visiwa hivyo vilikuwa vimetwaliwa na Marekani.

Huo ndio mchanganyiko wa watu ambamo Chun alilelewa. Familia yake ilikuwa na duka la nguo katika mtaa wa Wachina wa Honolulu, na mapato ya biashara hiyo yalimwezesha kupata elimu ambayo watoto wengi wa wahamiaji hawakuiota.

Alisoma katika shule ya Punahou, shule ambayo miongo kadhaa baadaye ilimlea Barack Obama, rais wa Marekani ambaye babake alitoka Kogelo, Siaya. Kisha akavuka bahari na kujiunga na Chuo Kikuu cha Yale, alikohitimu shahada ya uchumi mwaka wa 1931.

Wakati huo Marekani ilikuwa imezama katika mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka wa 1929. Viwanda vilikuwa vikifungwa na mamilioni ya watu hawakuwa na kazi. Kijana huyo akarejea nyumbani na kushika usukani wa duka la babake.

Alilibadilisha jina na kuliita King-Smith, kutokana na barabara za King na Smith zilizokutana karibu nalo. Lakini jina jipya peke yake halingeweza kuwavuta wateja waliokuwa wakihesabu kila senti. Chun alihitaji bidhaa ambayo maduka jirani hayakuwa nayo.

Alitupa macho barabarani. Aliwaona vijana wa Kijapani wakiwa wamevaa mashati yaliyoshonwa kutokana na vitambaa vya mavazi yao ya asili. Aliwaona pia vijana wa Kifilipino waliopenda mashati ya rangi za kuwaka, ambayo hawakuyachomeka ndani ya suruali.

Wengi waliyaona mashati hayo na kupita. Chun aliona soko. Kadhalika, alitambua kuwa watalii waliokuwa wakishuka kutoka katika meli za abiria, na kulala katika hoteli za kifahari kama Royal Hawaiian iliyofunguliwa Waikiki mwaka wa 1927, walitamani kurudi kwao na kitu cha kuwakumbusha visiwa hivyo.

Mapema katika miaka ya 1930, alichukua vitambaa vya Kijapani vyenye rangi kali kuliko vyote alivyoweza kupata, akampelekea fundi na kumwagiza ashone makumi kadhaa ya mashati ya mikono mifupi. Mashati hayo aliyatundika katika dirisha la duka ili yaonekane na kila apitaye.

Yaliponunuliwa, akaagiza mengine. Wanunuzi wa kwanza walikuwa wenyeji na vijana waliopenda kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, kisha watalii wakafuata.

Uamuzi uliolifanya jina lake likumbukwe ulikuwa kulichagua neno aloha. Kwa wenyeji wa Hawaii, neno hilo ni salamu, ni kwaheri, na pia ni upendo. Kati ya mwaka wa 1936 na 1937, Chun alilisajili kisheria kama alama ya biashara ya mavazi yake. Kuanzia hapo, shati la maua likawa shati la aloha.

Katika kazi hiyo alisaidiwa na dadake, Ethel Chun Lum, aliyechora nakshi za kupigwa chapa kwenye vitambaa. Badala ya michoro ya Kijapani, minazi, samaki na maua ya visiwani yakaanza kuonekana kwenye nguo. Mchango wa dada huyo aghalabu husahaulika, ilhali ni michoro ya aina hiyo iliyolipa vazi sura ambayo ulimwengu unaitambua hadi leo.

Hata hivyo, hadithi hii ina upande mwingine. Mnamo Juni 28, 1935, kabla ya Chun kwenda kusajili jina hilo, gazeti la Honolulu Advertiser lilichapisha tangazo la duka la Musa-Shiya, mali ya familia ya Kijapani ya Miyamoto. Duka hilo lilikuwa likiuza mashati ya aloha kwa bei ya kuanzia senti 95 za dola, yaliyo tayari au ya kushonewa kwa vipimo.

Tangazo hilo ndilo linalotajwa kuwa maandishi ya kwanza kuchapishwa yenye jina la shati hilo. Kwa hivyo, hadi leo wapo wanaoshikilia kuwa heshima ya kulianzisha vazi hilo inafaa kuiendea familia ya Miyamoto. Wengine huwakumbuka mafundi wasiotajwa popote na vijana wa mashambani waliolivaa kabla ya duka lolote kuliuza.

Ukweli ni kwamba shati la aloha lilikuwa na wazazi wengi. Kitambaa kilitoka Japani, mkato wake ulitoka Marekani, kutochomeka kulitoka kwa Wafilipino, na duka lilikuwa la Mchina. Chun alikuwa ndiye aliyekwenda kwa msajili, na sheria humtambua mwenye cheti.

Ufanisi wake uliwaamsha wengine. Kufikia mwaka wa 1936, viwanda kama Kamehameha na Branfleet vilikuwa vimeanza kushona mavazi ya aina hiyo kwa wingi na kuyauza nje ya visiwa. Biashara iliyoanza kwa makumi ya mashati ikawa tegemeo la ajira kwa mafundi wengi, hasa wanawake.

Kisha vita vikabisha hodi. Desemba 7, 1941, ndege za Japani zilishambulia bandari ya Pearl Harbor, kisiwa kilekile cha Oahu alikoishi Chun. Vitambaa vya Kijapani vilikatika ghafla, na watengenezaji wakalazimika kutegemea michoro na malighafi kutoka kwingineko. Wanajeshi wa Marekani waliomiminika visiwani walinunua mashati hayo na kurudi nayo makwao vita vilipokwisha.

Lakini soko hilo lilipokuwa likifunguka, Chun aliamua kuondoka. Mwaka wa 1945 alilifunga duka na kuingia katika kazi ya benki, taaluma iliyokaribiana zaidi na masomo yake ya Yale. Huko ndiko alikomalizia miaka yake ya kazi, akivaa tai na koti ilhali shati alilolibatiza likizunguka dunia.

Matunda makubwa ya mti huo yalichumwa na wengine. Alfred Shaheen, rubani wa zamani wa vita mwenye asili ya Lebanon, alianza biashara yake Honolulu mwaka wa 1948, akajenga kiwanda chake cha kupiga chapa vitambaa, na kuwashonea wanawake magauni ya nakshi zilezile.

Mwaka wa 1951, Rais Harry Truman alionekana kwenye jalada la jarida la Life akiwa amevaa shati la aina hiyo. Miaka kumi baadaye, mwanamuziki Elvis Presley alilivaa katika filamu ya Blue Hawaii pamoja na jalada la santuri yake, na maduka ya Marekani yakafurika mashati ya maua.

Nyumbani Hawaii, vazi hilo lilipanda cheo kutoka ufukweni hadi ofisini. Wiki ya Aloha ilianzishwa mwaka wa 1947, na mwaka wa 1962 wanachama wa chama cha watengenezaji mavazi waliwapa wabunge mashati ili kuwashawishi waruhusu yavaliwe kazini. Kufikia mwaka wa 1966, Ijumaa ilikuwa imetengwa kuwa siku ya aloha, desturi inayotajwa kuwa chimbuko la ofisi nyingi duniani kulegeza masharti ya mavazi siku hiyo.

Ilichukua muda mrefu kabla ya Chun kukumbukwa rasmi. Mwaka wa 1991, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, Seneti ya jimbo la Hawaii ilimtambua kwa mchango wake. Alipofariki miaka tisa baadaye, magazeti makubwa ya Marekani yalichapisha wasifu wake.

Maisha ya mtu huyo yana funzo kwa Afrika Mashariki, eneo lililo na historia ndefu ya nguo zenye rangi na majina. Mjini Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, almaarufu Abdulla, alianzisha biashara mwaka wa 1887, na leso zake zikatambulika kwa chapa ya Mali ya Abdulla. Yeye anatajwa mara kwa mara kuwa miongoni mwa waliopalilia desturi ya kuandika methali na misemo kwenye leso.

Kama Chun, Abdulla hakubuni nguo yenyewe. Wanawake wa pwani ndio waliounganisha vipande vya leso za Kireno kwa sindano na uzi hadi vikawa vazi. Lakini chapa yake ilimhakikishia mnunuzi kuwa anachukua bidhaa halisi, na ikadumu baada ya mwenyewe kuondoka duniani.

Kikoi nacho kiliponea chupuchupu. Katikati ya miaka ya 2000, kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili nchini humo neno kikoy kama alama yake ya biashara, hatua ambayo ingewazuia Wakenya kuuza vikoi huko kwa jina walilorithi. Wanaharakati na mawakili waliwasilisha pingamizi, na ombi hilo halikufaulu.

Kisa hicho na kile cha Honolulu vinaonyesha uzito wa jina katika biashara ya nguo. Kitambaa huchakaa na mitindo hupita, lakini jina lililosajiliwa huweza kumfungia mlango hata yule ambaye mababu zake walilivumbua vazi.

Leo hii shati la aloha hushonwa katika nchi nyingi, likavaliwa na kutupwa, kisha likapakiwa katika marobota na kuvuka bahari hadi bandari ya Mombasa. Linapofika sokoni Mautuma na kutundikwa juu ya kamba, halina tena jina la King-Smith wala la Ellery Chun. Lililosalia ni rangi alizoziweka dirishani kwake miaka ya 1930, ambazo bado zinamsimamisha mnunuzi njiani.