John Akii-Bua: bingwa wa viunzi aliyerudi Uganda kuwa kocha

Mtu mzima wa hapa Songea akitajiwa Uganda ya miaka ya 1970, jina la kwanza kumjia ni Idi Amin, na la pili ni Kagera. Wapo wazee wetu waliokwenda vita vile. Leo tunamzungumzia Mganda mwingine wa miaka hiyo hiyo, ambaye maisha yake yaliguswa na Amin na pia na vita hivyo. Ni John Akii-Bua, mtu wa kwanza kuipatia Uganda medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake kadhaa na watoto zaidi ya 40. John alichunga ng'ombe kama watoto wengine wa boma. Baba alifariki John akiwa bado kijana, na hakwenda mbali na masomo. Akaenda Kampala kujiunga na polisi.

Huko polisi ndiko kipaji chake kilikoonekana. Jerom Ochana, afisa wa polisi aliyekuwa mwenyewe hodari wa viunzi, alimwona kijana mrefu mwenye viungo vyepesi, akaanza kumfundisha. Mwaka 1968 akaja Mwingereza Malcolm Arnold kuwa kocha wa taifa. Akii-Bua alikuwa anapenda viunzi vya mbio fupi, lakini Arnold akamhamishia mita 400.

Tuieleze mbio hiyo kwa wasiowahi kuiona. Mkimbiaji anazunguka uwanja mara moja, kama mtu anayezunguka kiwanja cha mpira pale Majimaji, ila njiani amewekewa viunzi 10 vya kuruka. Kila kiunzi kina urefu wa sentimita 91, karibu na kiuno cha mtu. Kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35, kwa hiyo lazima uhesabu hatua. Ukikosea hesabu unafika kiunzini na mguu usio wako, unapunguza mwendo, na wenzako wamekwenda. Wengi huweza kuruka kwa kutanguliza mguu mmoja tu. Akii-Bua alijifunza kutanguliza wowote, wa kulia au wa kushoto, na kwetu hiyo ndiyo siri yake kubwa kuliko hata mbio zenyewe.

Mazoezi yake hayakuwa ya mzaha. Alivaa fulana iliyotiwa uzito wa kilo 11 hivi, akaruka viunzi vilivyoinuliwa kuliko vile vya mashindano. Mwaka 1970 alikuwa wa nne katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh. Miaka miwili baadaye alifika Olimpiki ya Munich, Ujerumani.

Kwenye fainali, tarehe 2 Septemba 1972, alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Wakimbiaji hawaipendi kwa sababu kona zake ni kali. Bingwa mtetezi, Mwingereza David Hemery, alikuwemo, na rekodi ya dunia ilikuwa yake: sekunde 48.12. Hemery alitoka kwa kasi. Akii-Bua akamfikia, akampita, na walipoingia mita za mwisho hakuna aliyemkaribia. Saa ilisoma sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyewahi kushuka chini ya 48 kabla yake. Alipomaliza hakusimama. Aliendelea kuzunguka uwanja kwa furaha, akiruka viunzi vilivyokuwa vimebaki njiani.

Nyumbani alipokelewa kama mfalme. Amin alimpandisha cheo polisi na kumpa nyumba. Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu. Walango walikuwa kabila la Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin mwaka 1971, na wengi wao, hasa wanajeshi, waliuawa. Akii-Bua alikuwa Mlango aliyeonyeshwa mbele ya wageni kama ushahidi kwamba Walango wanaishi vizuri. Medali ilimkinga, lakini ilimfunga pia.

Mwaka 1976 alikuwa akisubiriwa Montreal kupambana na Mmarekani kijana, Edwin Moses. Mbio hiyo haikufanyika. Nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu. Moses alishinda na kuichukua rekodi. Ususiaji ulikuwa na haki yake, lakini waliolipa gharama ni wanamichezo.

Kisha ikaja 1979. Majeshi yetu pamoja na Waganda waliompinga Amin yalipokaribia Kampala, Akii-Bua alikimbilia Kenya na familia yake. Aliogopa ataonekana mtu wa Amin. Hebu fikiria: kabila lake liliuawa na Amin, naye akahofia kuuawa kwa kosa la kuwa rafiki wa Amin. Kenya aliwekwa kambi ya wakimbizi, bingwa wa Olimpiki akila chakula cha msaada. Kampuni ya viatu ya Puma ndiyo iliyomtoa, ikampa kazi Ujerumani. Mwaka 1980 aliikimbilia Uganda tena huko Moscow, lakini miaka ilikuwa imepita, akaishia nusu fainali.

Angeweza kubaki Ulaya. Baada ya miaka michache alirudi Uganda, akarejea polisi na kuwa kocha, kazi ile ile ambayo Ochana na Arnold waliifanya kwake. Uganda aliyoikuta ilikuwa imechoka na vita, na michezo haikuwa na fedha.

Alifariki tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47. Mkewe alikuwa ametangulia, na aliacha watoto 11. Serikali ilimfanyia maziko ya kitaifa. Uganda ilisubiri hadi mwaka 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni mjini London, ndipo ikapata dhahabu ya pili ya Olimpiki.