Dk. Atiman: Mtumwa aliyesoma Malta, akawatibu watu wa Karema miaka 67

MZEE wa Sibwesa, Ikola au Karema akitajiwa jina la Atiman, haulizi ni nani. Katika pwani hiyo ya Ziwa Tanganyika, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa Mpanda ya Mkoa wa Rukwa na tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Katavi, jina hilo maana yake ni daktari.

Ajabu ni kwamba mwenye jina hakuwa mzaliwa wa hapo. Adrian Atiman alizaliwa katikati ya miaka ya 1860 kando ya Mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa kama mbuzi. Mwaka 1876, huko Metlili, kusini mwa Algeria, wamisionari wa shirika la White Fathers walimnunua na kumwachia huru.

Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa na mpango wake. Aliona kwamba wamisionari wa Kizungu wanakufa upesi katika Afrika ya kati, na kwamba Mwafrika mwenye ujuzi wa tiba angefanya kazi ambayo wao hawaiwezi. Mwaka 1881 alifungua kisiwani Malta chuo cha kuwaandaa vijana waliokombolewa utumwani wawe madaktari na makatekista. Atiman alikuwa miongoni mwao, na masomo ya tiba aliyapata katika Chuo Kikuu cha Malta.

Ugumu wa masomo hayo si mdogo. Kijana aliyeng'olewa kwa mama yake kabla ya kujua kusoma alilazimika kukaa darasani katika chuo ambacho wakati huo kilitawaliwa na lugha ya Kiitaliano, huku walezi wake wakisema Kifaransa. Wanafunzi wa leo wanaolalamikia baridi ya Ulaya na fedha za kujikimu zinazochelewa wana haki yao, lakini angalau wanajua nyumbani ni wapi. Yeye hakuwa na nyumbani pa kuandikia barua.

Wala hakuulizwa sana aende wapi. Aliyelipa ada ndiye aliyepanga safari. Alimaliza masomo mwaka 1888, akasafirishwa hadi Zanzibar, kisha akaingia bara na msafara wakati pwani ikiwaka moto kwa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Mwanzoni mwa mwaka 1889 aliwasili Karema, mahali ambapo hakuwahi kupaona wala kuwa na ndugu.

Karema ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa kwa wamisionari mwaka 1885. Biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea ziwani, na waliokombolewa walipewa hifadhi misheni. Ndipo daktari huyo alipojikuta akiwahudumia watu ambao mkasa wao aliujua kuliko Padri yeyote. Zikaja ndui na malale, yaliyoutesa sana mwambao wa ziwa mwanzoni mwa karne ya 20. Bendera ya Wajerumani ikashuka, ya Waingereza ikapanda. Atiman alikuwa pale pale.

Alijifunza lugha za wenyeji, akaoa binti wa chifu wa Wabende aitwaye Agnes. Mtoto wao, Joseph, alipewa upadri mwaka 1923. Hivyo mtu aliyeletwa akiwa mgeni akawa baba wa ukoo.

Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maisha yake kama alivyoyasimulia mwenyewe, nao wasomaji wa mbali wakapata kumfahamu. Wagonjwa wake hawakuhitaji jarida hilo.

Alikufa Karema mwaka 1956, miaka mitano kabla ya Uhuru, akiwa na umri wa karibu miaka 90. Timbuktu hakurudi tena. Hospitali kubwa ya Kanisa Katoliki mjini Sumbawanga imepewa jina lake, na mgonjwa anayetoka mwambao wa ziwa akielekezwa huko bado huambiwa aende kwa Atiman.