Joseph Wright: Alijifunza kusoma akiwa na miaka 15, akaja kuandika kamusi kubwa ya lahaja za Kiingereza

Akiwa na miaka sita tu, Joseph Wright alikuwa tayari kibarua. Kazi yake ilikuwa kuswaga punda aliyebeba zana za wachimba mawe kwenda kwa mhunzi zikanolewe. Alizaliwa mwaka 1855 huko Yorkshire, kaskazini mwa England, kwenye familia ya kimaskini kweli.

Mwaka uliofuata akaingia kiwanda cha nguo cha Saltaire. Ilikuwepo shule ya nusu siku kwa watoto wa kiwandani, lakini alitoka hapo hajui kusoma.

Mwaka 1870 Ufaransa na Prussia zikaingia vitani. Kiwandani habari za vita zilisomwa kwa sauti kutoka gazetini, naye kazi yake kusikiliza tu. Ikamuuma. Akashika Biblia, akajifundisha mwenyewe, kisha akaanza shule ya usiku.

Mwaka 1876, akiwa na akiba ya pauni 40, alivuka bahari hadi Antwerp. Kutoka hapo akatembea kwa miguu mpaka Heidelberg, Ujerumani, ili kuokoa nauli. Alirudi tena baadaye na mwaka 1885 akapata udaktari wa falsafa.

Sasa msomi huyu alikulia kwenye lugha iliyochekwa. Kwao watoto ni childer, si children. Kucheza ni laik, si play. Waliosoma waliona huko ni kuharibu Kiingereza. Kumbe childer ndiyo ya kale zaidi. Children ni wingi uliopachikwa juu ya wingi. Laik ilikuja na watu wa Skandinavia. Hata ax, ambayo wengi hudhani ni kosa la kutamka ask, imo kwenye Kiingereza kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Tatizo ni kwamba maneno hayo yalikuwa yakizikwa na wazee. Shule na reli zilikuwa zinasambaza Kiingereza kimoja kila kona. Wright akakubali kuhariri kamusi ya lahaja zote, akapokea karatasi za maneno zenye uzito wa kama tani moja. Nani angechapisha mzigo huo? Ikabidi atafute wanunuzi wa kulipia kabla na kuingiza hela zake mwenyewe. Hapo angeweza kufilisika kabisa.

Hakufilisika. Akisaidiwa na mkewe Elizabeth, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alitoa majuzuu sita kati ya mwaka 1898 na 1905, yenye maneno kama 70,000.

Mwaka 1901 akawa profesa Oxford, ambako baadaye alimfundisha J.R.R. Tolkien. Lafudhi ya kwao hakuiacha. Alifariki mwaka 1930, na kamusi yake leo inapekuliwa mtandaoni, baada ya Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, kuiingiza kwenye kompyuta.